Kerneli hujuaje kuna nini ndani ya kompyuta?

"Kifaa hakionekani" ni malalamiko mafupi yanayobeba matatizo manne yasiyofanana. Kadi huenda haijibu kabisa. Huenda inajibu lakini imekosa nafasi ya anwani. Huenda nafasi imepata, draiva (programu ya kukiendesha kifaa) haina. Au draiva imepatikana, ikajaribu kuiwasha, ikashindwa. Anayehangaika na draiva wakati kadi haijibu anapoteza muda, na anayebadilisha kebo wakati logi tayari inataja faili lililokosekana anapoteza muda vilevile. Ili kujua mambo yamekwama wapi, inabidi kuifuata kerneli, kiini cha mfumo endeshi, tangu inapoamka. Mifano hapa ni ya Linux kwa sababu kila hatua yake inaweza kuchunguzwa, lakini yanayofanyika upande wa vifaa ni yaleyale kwenye Windows au BSD, maana yamewekwa na viwango vya PCI (njia inayounganisha kadi na ubao mama) na USB.

Inachoambiwa kabla ya kuuliza

Msimbo wa kwanza wa kerneli unapoanza kutekelezwa, kerneli haijui hata RAM ni kiasi gani. Hilo huelezwa na programu dhibiti (firmware) ya ubao mama, yaani BIOS au mrithi wake UEFI. Kwenye mashine za x86 zenye BIOS ya zamani, ramani ya kumbukumbu hupatikana kwa wito uitwao E820. Kwenye UEFI, ramani huchukuliwa kabla tu ya programu dhibiti kujiondoa. Mistari ya mwanzo ya `dmesg`, amri inayoonyesha logi ya kerneli, inayotaja `BIOS-e820` ndiyo ramani hiyo: sehemu hii inatumika, hii imehifadhiwa, hii ni ya ACPI.

ACPI ni rundo la majedwali yaliyowekwa kwenye RAM. Kerneli huyafikia kupitia kielekezi kiitwacho RSDP. UEFI hukitaja moja kwa moja. Kwenye BIOS hutafutwa kwa kupekua, hasa kati ya anwani 0xE0000 na 0xFFFFF, mpaka zionekane herufi `RSD PTR`. Kutoka hapo majedwali hufuatana. MADT inaorodhesha prosesa na vidhibiti vya ukatizaji (interrupt). MCFG inasema eneo la usanidi la PCI Express linaanzia anwani ipi. DSDT inaeleza vifaa vilivyofungwa ubaoni, na hii si orodha tu bali ni programu ndogo iliyoandikwa kwa msimbo wa AML, ambayo kerneli huitekeleza hatua kwa hatua. Kila kifaa humo kina kitambulisho chake, `_HID`, na orodha ya rasilimali zake, `_CRS`. Mara nyingi kina pia `_STA`, inayoulizwa kama kifaa kipo. Jibu likiwa 0x0F, kipo na kinafanya kazi. Likiwa 0, kerneli inapita. Ndiyo maana kifaa cha ubaoni kilichozimwa kwenye menyu ya BIOS huweza kutoweka bila logi kulalamika: hakuna kosa lililotokea, kerneli imeambiwa hakipo ikaamini.

Mbao nyingi ndogo za ARM na RISC-V hazina ACPI. Huko kuna mti wa vifaa, faili la `.dtb` ambalo kipakiaji cha kerneli kama U-Boot hulipandisha kwenye RAM. Kwenye ARM ya biti 64, anwani yake hukabidhiwa kerneli ndani ya rejista x0. Faili hilo likiwa la toleo jingine la ubao, mashine huwaka vizuri kiasi cha kudanganya, kisha kadi ya mtandao au HDMI ikakosekana.

PCI: vifaa vinavyojitaja

Zama za ISA, njia ya kadi iliyotangulia PCI, kerneli ilikuwa inabahatisha. Draiva ya kadi ya NE2000 ilijaribu poti kama 0x300, ikaandika thamani kadhaa na kutazama kama majibu yanafanana na ya NE2000. Kama pale palikuwa na kadi nyingine, kuandika huko kungeweza kuigandisha mashine nzima, ndiyo sababu Linux ilikuwa na kigezo cha `reserve=` cha kuikataza isiguse poti fulani. PCI, iliyotoka mwaka 1992, iliondoa ubahatishaji huo kwa kumlazimisha kila mtengenezaji aweke kitambulisho mahali pamoja panapojulikana.

Lakini hata hapa pa kuanzia lazima patajwe. Daraja kuu la PCI lenyewe halijitangazi. Kerneli hulikuta kwenye ACPI likiwa na kitambulisho PNP0A08, au kwenye mti wa vifaa. Likishapatikana, uulizaji unaanza. Kundi moja la PCI lina njia (bus) hadi 256, kila njia ina nafasi 32 za vifaa, na kila kifaa kinaweza kuwa na kazi (function) 8. Zamani usanidi ulisomwa kupitia poti mbili, 0xCF8 ya kutaja unachotaka na 0xCFC ya kukisoma, na kila kazi ilikuwa na baiti 256. PCI Express imeipa kila kazi baiti 4096 na kuzipanga zote kwenye anwani za kumbukumbu. Ukizidisha, njia 256 zinameza MiB 256 za anwani, na hilo ndilo eneo linalotajwa na MCFG.

Kwa kila nafasi kerneli husoma baiti mbili za kwanza, nambari ya mtengenezaji. Pasipo na kifaa hakuna wa kujibu, na kidhibiti hurudisha biti zote zikiwa 1, yaani 0xFFFF, nambari ambayo haikupewa mtengenezaji yeyote. Ikirudi 0x8086, ni Intel; 0x10de ni NVIDIA; 0x10ec ni Realtek. Kisha husomwa nambari ya kifaa, msimbo wa aina, na aina ya kichwa kwenye baiti ya 0x0E. Biti ya juu kabisa ya baiti hiyo inasema kama kuna kazi zaidi ya moja. Kazi namba 0 isipojibu, zile nyingine saba haziulizwi. Kosa hili huwapata sana wanaojitengenezea kadi za FPGA, yaani chipu ambayo sakiti zake hupangwa kwa kupakiwa usanidi.

Kichwa kikiwa cha aina ya 1, kilichopatikana ni daraja, na nyuma yake kuna njia nyingine. Daraja hubeba namba tatu: njia iliyo juu yake, njia iliyo chini yake moja kwa moja, na njia ya mwisho inayofikika kupitia kwake. Kwenye kompyuta za kawaida programu dhibiti huwa imeshazijaza, na Linux huzikubali kama zinaeleweka. Pasipojazwa, kerneli huipa namba ya mwisho thamani ya muda ya 255, hushuka ndani kuhesabu, kisha hurudi kuandika namba halisi.

Linalofuata ni ukubwa wa nafasi ambayo kadi inahitaji. Kadi ya kawaida ina rejista sita za anwani, ziitwazo BAR, kuanzia baiti ya 0x10. Hakuna rejista inayotamka "nataka KiB 64". Kerneli huandika 0xFFFFFFFF kwenye BAR na kuisoma tena. Kadi huwa imeziachia biti za juu tu zibadilike, za chini zinabaki sifuri. Biti nne za mwisho ni alama za aina ya nafasi, hivyo hazihesabiwi. Likirudi 0xFFFF0000, geuza biti zote, ongeza 1, unapata 0x10000, yaani KiB 64. BAR ya biti 64 hutumia rejista mbili zilizofuatana. Wakati wa kipimo hiki kadi huzuiwa isijibu anwani za kawaida, vinginevyo kwa muda mfupi ingejibu mahali pasipo pake.

Hapa ndipo kadi kubwa za michoro hukwama. Kadi inayotaka GiB 16 kwa mkupuo haiwezi kuenea chini ya mpaka wa GiB 4, na kama BIOS haijaruhusu anwani za juu ya mpaka huo, logi itasema `no space` ikifuatiwa na `failed to assign`. Kadi inaonekana kwenye `lspci`, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, lakini draiva haiwezi kuigusa. Dawa ya kwanza ni kuwasha "Above 4G Decoding" kwenye menyu ya BIOS. Kigezo cha `pci=realloc` ni cha kujaribu baada ya hapo, kwa sababu kinaiambia kerneli ipange upya nafasi za madaraja, na mpangilio mpya huweza kuokoa kadi moja ukaivuruga nyingine.

Kuna tatizo la muda pia. Baada ya PCI Express kuwekwa upya, kadi hupewa milisekunde 100 kabla ya kuulizwa. Isiyo tayari inaruhusiwa kuomba iulizwe tena baadaye, na Linux huivumilia hadi sekunde 60. Lakini FPGA ambayo haijamaliza kupakia usanidi wake haina hata uwezo wa kuomba, haipo kabisa. Dalili yake ni ya wazi: ukiwasha mashine kutoka kuzimwa kabisa, kadi haionekani, ukiiwasha upya bila kukata umeme, inaonekana, maana FPGA haikupoteza usanidi wake. Ukiona hivyo, acha draiva na upunguze muda wa kupakia FPGA.

USB: mazungumzo ya umeme kwanza

Kwa kerneli, kidhibiti cha USB, kiitwacho xHCI, mara nyingi ni kifaa kingine tu cha PCI. Vilivyo nyuma yake ndivyo vyenye utaratibu tofauti, na utaratibu huo haujali kama mashine inawaka au imeshawaka siku tatu.

Kwenye USB 2, kuchomeka hutambuliwa kwa rezista ya kilo-ohm 1.5 inayoivuta juu waya ya D+. Kwa vifaa vya kasi ndogo kama baadhi ya kibodi, huvutwa D-. Kerneli husubiri hali itulie kwa milisekunde 100, kwa sababu pini za plagi hugusana na kuachana mara kadhaa zinapoingia. Kisha poti huwekwa upya, na kifaa kinaanza kujibu kwenye anwani 0. Ni kimoja tu kwa wakati kinachoruhusiwa kuwa hapo. Kerneli husoma mwanzo wa maelezo yake ili kujua ukubwa wa pakiti kinazoweza kupokea, hukipa anwani yake chenyewe kati ya 1 na 127, halafu husoma maelezo kamili ya baiti 18 na orodha ya usanidi wake.

Kabla ya kusanidiwa, kifaa cha USB 2 kinaruhusiwa kuvuta milliampia 100 tu. Baada ya hapo hadi 500. Kwenye USB 3 kikomo ni 900. Diski inayotaka zaidi ya inachopewa na habu isiyo na umeme wake hutambuliwa vizuri, kisha hukatika motor inapoanza kuzunguka, na kwenye logi utaona ikitoweka na kurudi na anwani mpya kila mara. Ujumbe wa `device descriptor read/64, error -71` ni kosa la itifaki, yaani biti zimefika zimeharibika. `-110` ni muda kuisha bila jibu. Zote mbili humaanisha kebo, soketi au umeme mara nyingi kuliko programu. Jaribu kebo fupi moja kwa moja kwenye ubao mama kabla ya kugusa chochote kingine.

Kuna kosa lisilo na ujumbe wowote. Diski ya USB 3 ambayo pini zake za kasi hazigusi vizuri hukubali kimya kimya kufanya kazi kama USB 2. `lsusb -t` huonyesha 480M pale ulipotarajia 5000M, na huo ndio ushahidi.

Draiva za USB hushika kiolesura, si kifaa kizima. Kipokea sauti cha masikioni chenye vitufe kina violesura vya sauti na kingine cha vitufe, kwa hiyo sauti kufanya kazi hakuthibitishi kwamba vitufe vimepata draiva.

Vifaa visivyoweza kuulizwa

Kihisi cha joto kwenye I2C, njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu ndogo, hakina kitambulisho kilichowekwa mahali pa kawaida. Kina anwani ya biti 7 na rejista ambazo maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kusoma rejista kwa kubahatisha kunaweza kufuta alama ya tukio, na kuandika kunaweza kubadilisha volti. Ndiyo maana kwa kawaida kerneli haipekui I2C wala SPI, njia nyingine ya chipu ndogo, wakati wa kuwaka; inasubiri kuambiwa.

Kwenye mti wa vifaa, kihisi cha BME280 huandikwa kama tawi lenye `compatible = "bosch,bme280"` na `reg = <0x76>`. Yanayoharibika hapa ni machache na yanajirudia. La kwanza ni `status = "disabled"` iliyoachwa kwenye kidhibiti mama: kihisi kimeandikwa sawasawa, ila njia iliyokibeba haijawashwa, na logi haina neno. La pili ni anwani: baadhi ya karatasi za maelezo huhesabu biti ya kusoma na kuandika ndani yake, kwa hiyo 0x76 inaandikwa 0xEC. Nambari yoyote inayozidi 0x7F si ya biti 7. Igawe kwa mbili. La tatu ni chipu isiyo ile uliyodhani. BME280 hujibu 0x60 kwenye rejista 0xD0, BMP280 hujibu 0x58, na kwa macho zinafanana sana.

Kompyuta mpakato nazo zina vifaa vya namna hii. Paneli nyingi za kugusa ziko kwenye I2C na hutajwa kwenye ACPI kwa PNP0C50. Ikifa baada ya kubadilisha BIOS, chunguza majedwali kabla ya kulaumu draiva.

Kukutanisha kifaa na draiva

Kifaa kikishasajiliwa, kerneli hukiandalia mstari mmoja wa utambulisho. Kadi ya mtandao ya Intel I210 huanza na `pci:v00008086d00001533`, ikifuatiwa na sehemu za mtengenezaji wa kadi na msimbo wa aina. Mstari huo hutumwa kwa udev, programu inayopokea habari za vifaa kutoka kwa kerneli, ambayo hutumia maktaba ya kmod, ileile ya amri ya `modprobe`. Nayo hulinganisha na faili la `modules.alias` ndani ya `/lib/modules`, ambako kuna mstari unaoielekeza nambari hiyo kwa moduli ya `igb`. Hakuna akili ya ziada hapo. Draiva ambayo orodha yake haina nambari ya kadi yako haitaitwa, hata kama kadi ni ndugu wa damu wa ile iliyomo. NVMe, yaani diski za SSD za PCI Express, ni tofauti: draiva yake hulinganisha msimbo wa aina 010802, hivyo diski ya mtengenezaji wa jana tu hushikwa bila kerneli mpya.

Baada ya kulinganisha, draiva huitwa ijaribu kuwasha kifaa. Inaweza kukataa. Msimbo -12 ni kukosa kumbukumbu au nafasi, -16 ni kukuta rasilimali imeshikwa na mwingine. Misimbo -19 na -6 ina hila: kerneli huichukulia kama "huyu si wangu", na haiandiki chochote kwenye logi ya kawaida. Kimya kwenye `dmesg` si ushahidi kwamba draiva haikujaribu.

Msimbo -517 ni wa kuahirisha. Draiva ya skrini ikikuta kidhibiti chake cha umeme hakijawashwa bado, huomba irudiwe baadaye, na kerneli huirudia kila draiva nyingine inapofaulu. Kama kinachosubiriwa hakitakuja kamwe, kwa mfano moduli yake haikujengwa, kifaa hubaki foleni milele. Orodha ya waliokwama iko `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, na matoleo mapya hutaja humo hata sababu.

Kuna pia `Direct firmware load for` … `failed with error -2`. Hapo kila kitu kimekwenda sawa, isipokuwa faili ambalo kadi inahitaji kupakiwa halimo `/lib/firmware`. Ni hali ya kawaida kwa kadi za Wi-Fi, na dawa yake ni kusakinisha kifurushi cha faili hizo.

Yote haya husomeka upesi kwa `lspci -nnk`. Kadi isiyo na mstari wa `Kernel driver in use` wala wa `Kernel modules` chini yake haina draiva inayoijua. Yenye `Kernel modules` bila `Kernel driver in use` ina draiva inayoijua, ila imezuiwa au imeshindwa. Na kadi ambayo haimo kabisa kwenye orodha haikujibu kwenye njia. Hapo rudi kwenye sloti, umeme na BIOS.

Diski ya mzizi na mpangilio wa majina

Draiva nyingi ni faili zilizo kwenye diski, na diski haisomeki bila draiva. Initramfs ipo kwa ajili ya kuvunja mzunguko huo: hubeba draiva za lazima ndani ya RAM. Ukihamisha diski kwenda mashine yenye kidhibiti kingine, initramfs iliyojengwa kwa ajili ya mashine ya kwanza tu huenda haina draiva inayotakiwa. Kwenye Debian utaona ujumbe kwamba UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili) fulani haipo, kisha ganda la amri. Ujumbe wa `unknown-block(0,0)` kwa kawaida ni kitu kingine: mara nyingi initramfs yenyewe haikupakiwa. Ijenge upya initramfs kwa `MODULES=most`, au kwa `dracut -f --no-hostonly` kwenye mifumo ya Fedora, kabla ya kuhamisha diski.

Diski ya NVMe isiyoonekana wakati wa kusakinisha ina mtuhumiwa wake wa kudumu: hali ya RAID ya Intel kwenye BIOS, inayoificha diski nyuma ya kidhibiti cha AHCI, yaani cha diski za SATA. Kerneli hutaja `remapped NVMe devices` na kushauri kubadilisha kuwa AHCI. Ushauri ni sahihi, ila Windows iliyosakinishwa katika hali ya RAID huenda isiwake baada ya mabadiliko hayo, kwa hiyo iandae kwanza.

Kuhusu majina, `sda` humaanisha tu diski iliyowahi kumaliza kutambuliwa, na kwa kuwa vifaa huwashwa sambamba, mshindi wa leo si lazima awe wa kesho. Tumia UUID kwenye `fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa. Kwenye mstari wa kuwashia bila initramfs, tumia `PARTUUID`, kitambulisho cha kigawanyo, maana kerneli peke yake husoma jedwali la vigawanyo lakini haisomi UUID ya mfumo wa faili. Diski ya mzizi ikiwa ya USB au kadi ya SD, ongeza `rootwait`, kwa kuwa bila initramfs kerneli haitakingoja kifaa kinachochelewa kujitokeza. Kosa katika jina la diski likiwepo pamoja na `rootwait`, mashine itangoja bila kikomo na bila kosa lolote kwenye skrini, ikionekana imeganda.